Tiketi ya Kwenda Tu: Nani Alilipa Nauli?

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu, kisha unazimika.)

   Wewe unayetusikiliza redioni, na wewe unayeisoma karatasi hii ubaoni kwa sababu betri zimekwisha, karibuni nyote.

Leo tuna swali moja linalotufikia kwa sura nyingi. Mmoja anauliza nauli ya basi mpaka mpakani. Mwingine anauliza boti ya kwenda Uvira. Mwingine ndege ya Marekani au Kanada. Na wapo wanaouliza kwa sauti ya chini, wakiangalia nyuma kwanza, kuhusu lori la kwenda kusini. Ukiwasikiliza vizuri wote wanauliza jambo lile lile: nitapata wapi njia nafuu ya safari ya kwenda tu, isiyo na kurudi?

Bei za leo sitakupa. Hizo utazipata kwenye matangazo ya kambi, na zinabadilika. Ninachoweza kukupa ni hesabu za waliotutangulia. Watu wengi sana, kabla yangu na yako, walitafuta safari hiyo hiyo, na karibu wote waliambiwa kwamba ni bure au ni rahisi. Mimi naona kuna swali moja ambalo halikuulizwa vya kutosha: kama mimi silipi, nani analipa, na anataka nini kwangu?

Tuanze karibu, Arusha.

Kuanzia mwaka 1942, nje kidogo ya mji wa Arusha, mahali panapoitwa Tengeru, palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi. Wakimbizi wenyewe walikuwa Wazungu. Ndiyo, umesikia vizuri. Walikuwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, na idadi yao ilifika kama 5,000. Wenzao waliwekwa Uganda, huko Masindi na Koja, na wengine walipelekwa mpaka Rhodesia na Afrika Kusini. Kwa jumla Wapolandi waliohifadhiwa mashariki na kusini mwa Afrika walikuwa kama 18,000.

Walifikaje huku? Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwakamata Wapolandi kwa mamia ya maelfu, ikawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Sovieti, mambo yakageuka na baadhi yao wakaruhusiwa kutoka. Wakapita Irani, wengine wakapita India, wakapanda meli, wakashuka kwenye bandari zetu za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Tengeru wakajengewa vibanda vya duara vilivyoezekwa. Wakafungua shule, wakajenga kanisa, wakalima. Walikuwa na mpangilio, na nadhani mtu wa zoni yoyote ya hapa kwetu angepita humo bila kuuliza sana njia.

Vita ikaisha mwaka 1945. Ungedhani siku iliyofuata wote walifunga mizigo. Lakini wengi wao walitoka mashariki ya Poland, na sehemu hiyo sasa ilikuwa imechukuliwa na Sovieti. Nyumba ya mtu ilikuwa pale pale, ila nchi ilikuwa imebadilika jina. Wengine walirudi. Wengi walikataa. Wakabaki Tengeru miaka mingine kadhaa wakisubiri mtu wa kuwalipia nauli ya kwenda kwingine.

Aliyelipa ni Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, lile lililotangulia HCR tunayoijua sisi. Uingereza ilifungua mlango kwanza kwa wale waliokuwa na mume, baba au mtoto wa kiume aliyepigana chini ya jeshi lake. Asiyekuwa na askari katika ukoo alitafuta nchi nyingine. Mwezi wa Februari 1950 meli iitwayo General Langfitt, iliyotokea Mombasa, ilifika bandari ya Fremantle, Australia, ikiwa na Wapolandi zaidi ya 1,000 kutoka kambi za Afrika Mashariki. Nauli hawakulipa hata senti.

Ila kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Katika mpango ule wa Australia, mtu mzima aliahidi kufanya kazi miaka miwili popote serikali itakapompangia: shambani, kiwandani, kwenye reli, hospitalini kama mfanya usafi. Mume angeweza kupangiwa kazi mbali na mke na watoto. Vyeti vya wengi havikutambuliwa, na mtu aliyesoma miaka mingi Ulaya alijikuta anashika chepe. Siwalaumu Waaustralia, walipokea watu wengi kuliko nchi nyingi za wakati ule, wapata 170,000 kwa mpango huo. Na watu wale walijenga maisha huko. Ninachosema ni kwamba nauli ililipwa. Ililipwa kwa miaka miwili ya mikono yao.

Na kuna hadithi ya watoto wa Tengeru, ambayo mimi huwa inanisumbua. Kambini walikuwemo yatima. Mwaka 1949 wapata 150 kati yao walisafirishwa kwa meli hadi Italia, na kutoka huko wakapelekwa Kanada, wakiongozana na padri wao, Łucjan Królikowski. Serikali mpya ya Poland ililalamika kwamba watoto wake wameibwa. Upande wa pili ulisema watoto wanaokolewa. Wakubwa waligombana kwenye magazeti na kwenye mikutano, na watoto walikuwa melini. Mtoto wa miaka kumi hajui tiketi ya kwenda tu ni nini mpaka awe mzee. Kama una watoto wa ndugu unaowalea hapa kambini bila wazazi wao, na faili lako linazungumzia safari, fikiria hilo. Wakati wa usaili waambie ukweli wote kuhusu watoto hao ni wa nani na ndugu zao wako wapi. Safari ya namna hii ni ngumu kuirudisha nyuma.

Sio wote waliosafiri. Makaburi ya Wapolandi bado yapo Tengeru, yanatunzwa, na ukipita Arusha unaweza kuyaona.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi nyuma miaka ishirini kabla ya kambi ya Tengeru, kwa sababu kuna jambo lilifanyika wakati ule ambalo sijui kwa nini halisimuliwi zaidi.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Warusi zaidi ya milioni moja walikuwa wametawanyika nje ya nchi yao, na serikali mpya ya huko ikawanyang'anya uraia. Walikuwa hawana pasipoti. Bila pasipoti hata mwenye pesa hawezi kukata tiketi. Hapo akaja Fridtjof Nansen, mtu wa Norwe aliyekuwa amejulikana kwa safari zake kwenye barafu ya kaskazini, akiwa kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1922 akaanzisha cheti cha kusafiria ambacho watu walikiita pasipoti ya Nansen. Kilianza kwa Warusi, na mwaka 1924 Waarmenia nao wakaingizwa.

Ajabu yenyewe iko kwenye stempu. Kila mwaka mkimbizi mwenye uwezo alinunua stempu ya kubandika kwenye cheti chake, faranga tano za dhahabu, yenye picha ya Nansen mwenyewe. Maskini hakutakiwa kulipa. Pesa za stempu zilikusanywa kwenye mfuko, na mfuko huo ukasaidia wakimbizi wenzao waliokwama, zikiwemo nauli na gharama za kuanza maisha. Kwa maneno mengine, mkimbizi fundi cherehani wa Paris alichangia safari ya mkimbizi asiyemjua aliyekuwa bandarini amekaa juu ya sanduku lake.

Ukiwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa hapa kambini, unajua vizuri jinsi jambo hilo linavyofanya kazi. Tofauti ni kwamba wao walilifanya nchi nyingi kwa pamoja.

Wazo hilo la mfuko unaozunguka halikufa. Mwaka 1951 serikali kadhaa zilikutana Brussels na kuunda chombo cha kusafirisha watu wa Ulaya walioachwa bila makao na vita. Chombo hicho kilirithi meli za lile shirika lililowatoa Wapolandi Tengeru. Baada ya kubadilisha majina mara kadhaa ndicho leo tunachokiita IOM. Ndio hao hao unaowaona wakipima afya na kuita majina siku ya basi la uwanja wa ndege.

Na mwaka huo huo wa 1951 Kanada ilianzisha mikopo ya nauli kwa wahamiaji kutoka Ulaya. Kwa Ulaya tu, tuseme wazi. Ilichukua karibu miaka ishirini mpaka mlango huo ukafunguliwa kwa watu wa mabara mengine. Baadaye mkopo huo ukawa ndio njia ya wakimbizi wanaopelekwa Kanada: nauli ya ndege na gharama za vipimo vya afya zinalipwa kwanza, familia inarudisha ikishafika. Kwa muda mrefu mkopo ule ulikuwa na riba. Riba ilifutwa mwaka 2018, baada ya kelele nyingi za watu waliosema kwamba si haki mtu aanze maisha mapya kwa deni linalokua.

Marekani nayo kwa miaka mingi ilitumia mkopo wa nauli, wenyewe bila riba. IOM hununua tiketi kwa wingi, ndiyo maana bei yake huwa chini ya ile ambayo wewe au mimi tungeuziwa dirishani. Kabla ya kupanda ndege mtu mzima alitia sahihi karatasi ya kuahidi kulipa. Miezi michache baada ya kufika, bili ilianza kuja kila mwezi. Fedha zilizorudishwa ziliingia tena kwenye kazi ya kusafirisha wakimbizi wengine. Ni stempu ya Nansen, ila imegeuzwa: badala ya mwenye nacho kumchangia asiyenacho, aliyetangulia anamlipia anayefuata.

Je, huo ni unafuu? Watu hubishana. Mimi naona ni deni la heshima kuliko madeni mengi, na kwa baadhi ya familia lilisaidia kujenga jina zuri benki, kwa sababu huko mtu anayelipa kwa wakati anaaminiwa. Lakini nauli huhesabiwa kwa kichwa. Baba mwenye watoto saba hafiki na deni sawa na kijana wa peke yake, na baba huyo ndiye atakayepata kazi ya usiku yenye mshahara mdogo. Kilichowaumiza wengi si deni lenyewe. Ni kutojua. Karatasi ilisainiwa siku ya pilikapilika, pamoja na karatasi nyingine kumi, na nakala ikapotea njiani. Ukiambiwa tia sahihi, omba isomwe kwa lugha unayoielewa. Nakala yako iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, usiifunge kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege.

Na mpango wa kuhamia nchi ya tatu unaweza kufungwa siku moja. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa tayari na tarehe ya ndege wakarudishwa kwenye nyumba ambazo walikuwa wamekwisha kugawa vyombo vyake. Kuna wanaosoma karatasi hii wanaojua ninachosema. Sufuria uliyomgawia jirani hukuidai tena.

(Muziki wa ngoma za ziwani.)

Tuje sasa ziwani, kwetu.

Hakuna chombo kinachojua safari zetu kama meli ya Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka 1913. Ilikuwa bado mpya ilipofunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye masanduku 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa meli na kupelekwa Kigoma kwa reli, na Februari 1915 ikateremshwa majini kama meli ya vita, ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakapaka mashine mafuta mazito, kama mtu anayefunika jembe akijua atarudi kulima. Hawakurudi wao. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi ya abiria na mizigo kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa kwa watu wa upande wa kusini.

Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa nauli nafuu ya mwambao mzima wa Tanganyika, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu nchini Zambia. Daraja la tatu lilikuwa chini, watu wamekaa kati ya magunia ya dagaa na mihogo. Vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo na ufukwe, ikapiga honi, na mitumbwi ikaja ubavuni kuchukua na kuleta watu. Mtoto alipokelewa mkono kwa mkono juu ya maji.

Mwaka 1996 vita ilipoingia Kivu ya Kusini, Wakongo wa Uvira, Fizi na Baraka walivuka kuja Kigoma kwa chochote kinachoelea. Ndio mwaka ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mobutu akaanguka Mei 1997, na watu wakataka kwenda kwao. HCR ikaitumia Liemba, na katika muda wa miezi mitano zaidi ya watu 75,000 wakavushwa kurudi Kongo. Hawakulipa nauli. Watu walishuka Uvira wakiimba.

Tarehe 2 Agosti 1998 vita ya pili ikaanza.

Wengi kati ya waliorudishwa bure na meli walivuka tena ziwa kuja Kigoma, safari hii kwa mitumbwi na boti za kulipia, usiku. Tiketi ya kwenda tu iligeuka kuwa ya kwenda na kurudi, na nusu ya pili waliilipa wenyewe, kwa pesa walizopata kwa kuuza mabati ya nyumba walizokuwa wamezijenga upya. Kuanzia mwaka 2005 msafara mwingine ulianza, na meli ya Mwongozo ikawapeleka watu Baraka. Baadhi walikwenda. Baadhi walisema, mimi nilikwenda mara moja, asanteni. Ukimwona mzee wa hapa hataki kuandikisha jina la kurudi, usiseme amezoea posho. Anakumbuka.

Liemba ikarudi kazini Mei 2015, sasa kwa Warundi. Watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilicho mpakani, mbele maji, nyuma mlima, bila barabara ya gari kwenda Kigoma. Kipindupindu kikaingia na kuua zaidi ya watu 30. Liemba ilichukua kama 600 kwa safari moja. Piga hesabu mwenyewe: watu 50,000, mia sita mia sita. Boti za wavuvi zilibeba watu kutoka ufukweni mpaka ilipo meli, na kutoka Kigoma wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi, kisha Nyarugusu. Wengi mnaosoma mlikuwa kwenye foleni ile ya mchangani. Hakuna aliyewaomba nauli, na hakuna aliyewaambia mtaishi huko miaka mingapi.

Lakini kabla ya meli kuna miguu, na miguu ndiyo nauli nafuu kuliko zote. Mwisho wa Aprili 1994, Wanyarwanda wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja. Mwezi wa Desemba 1996 nusu milioni walirudi kwa daraja hilo hilo. Walikuwa wametangaziwa kwamba wawe wameondoka ifikapo tarehe 31. Wengi kwanza walijaribu kukimbilia upande mwingine, mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, na wakageuzwa na askari. Wakatembea kwenda kwao, vitanda kichwani, watoto wameshikana kamba wasipotee. Mashirika ya haki za binadamu yalihoji waziwazi kama hiyo iliitwa hiari.

Neno hilo, hiari, halikuwekwa kwenye karatasi kwa ajili ya kupamba. Tarehe 10 Septemba 1969, mjini Addis Ababa, nchi za Afrika zilipitisha mkataba wao wenyewe wa wakimbizi. Kifungu cha tano kinasema mkimbizi asirudishwe kwa kulazimishwa. Kinasema pia kwamba yule anayeamua kwa uhuru kurudi asaidiwe kwa kila njia kufika, na kinataja nani wa kusaidia: nchi iliyomhifadhi, nchi yake, mashirika ya hiari na mashirika ya kimataifa. Mabasi ya msafara ya Warundi yaliyoanza kupangwa tangu mwaka 2017 yanasimama juu ya kifungu hicho. Kwa hiyo ukiamua kurudi, nauli hiyo si zawadi ya mtu. Na ukiwa hujaamua, nauli ya bure haikulazimishi kupanda.

Nimebakiza lile lori la kusini, ambalo watu huliuliza kwa kunong'ona.

Dalali wa lori husema bei yake ni nafuu kuliko ndege, na hilo ni kweli. Mwezi wa Juni 2012, mkoani Dodoma, zilikutwa maiti za Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wanaelekea kusini. Tarehe 24 Machi 2020, jimbo la Tete nchini Msumbiji, maaskari walisimamisha lori lililotokea Malawi wakasikia kugonga ndani ya kontena. Walipofungua walikuta watu 64 wamekufa na 14 wako hai. Wote hao walikuwa abiria wa tiketi ya kwenda tu. Tofauti yao na abiria wa Liemba si bei peke yake. Kwenye Liemba jina lako liliandikwa mahali, na mtu wa upande wa pili alijua kwamba unakuja. Kwenye kontena hakuna anayejua kwamba umeondoka ila yule aliyekula pesa yako, naye ana kila sababu ya kukusahau.

Kuna dalali mwingine asiye na lori. Huyu anauza nafasi: nafasi ya usaili, nafasi kwenye orodha ya nchi ya tatu, jina la kuchomekwa kwenye faili la familia nyingine. Kuandikishwa, kusailiwa, kupelekwa nchi ya tatu, kupanda basi la msafara, vyote hivyo HCR haivitozi pesa. Akitokea mtu anataka chochote, hata kama amevaa fulana yenye maandishi ya shirika, nenda kwenye dawati la malalamiko au weka karatasi kwenye sanduku. Si lazima uandike jina lako.

Na kama umekwisha kumlipa mtu, usione aibu kusema. Wapo wengi kuliko unavyofikiri, na pesa ya pili ndiyo anayoisubiri.

Wiki ijayo tutakaa kwenye reli: jinsi Reli ya Kati ilivyofika Kigoma mwaka 1914, na wale waliopasua mawe yake. Mzee yeyote ambaye baba yake au babu yake alifanya kazi relini, tafadhali pita ofisini kwetu, tunataka kukusikia. Tuagane hapa.

(Muziki unapanda. Mwisho.)